Kisu Kimoja cha Mawindo: Buck 110, Mora Garberg na Kisu cha Mhunzi

Pofu dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 700. Tangu anapoanguka mpaka nyama yake inapopakiwa garini, kisu hupitia kazi nne zisizofanana: huchinja, huchuna ngozi, hufungua tumbo bila kutoboa utumbo, na hutenganisha viungo. Kisu kinachofaa sana kwa kazi moja huweza kuwa mzigo katika nyingine. Kwa hiyo mtu anayetaka kununua kimoja tu, cha kukaa naye miaka mingi, hana budi kukipima kwa kufuata kazi zenyewe, badala ya kukipima kwa unene wa bapa au kwa jinsi kinavyong'aa dukani.

Visu ninavyovilinganisha ni vitatu. Cha kwanza ni Buck 110, kisu cha kukunja cha Kimarekani kilichoanza kuuzwa miaka ya 1960, ambacho baadhi ya wageni wa uwindaji wa kitalii huja nacho na pengine humwachia mfuatiliaji nyayo kama shukrani ya safari. Cha pili ni Garberg, kisu kisichokunjwa cha kampuni ya Morakniv ya mji wa Mora nchini Sweden. Cha tatu hakina jina la kiwanda: ni kile kinachofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari iliyokwisha kazi yake. Nimevichagua hivi kwa sababu kila kimoja kinatoa jibu lake kwa swali lile lile la uimara, na majibu hayo yanapingana.

Uwindaji ninaouzungumzia ni wa leseni. Tanzania inauruhusu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ilhali Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Msomaji wa Kenya atavihitaji visu hivi kwa mbuzi na ng'ombe wake, na karibu kila nitakachosema kinamhusu, isipokuwa habari za mchanga na matope ya ngozi, ambazo ni za porini zaidi.

Jinsi vilivyoundwa

Bapa la Buck 110 lina urefu wa sentimita 9.5, na ncha yake imechongoka kwa kupunguzwa upande wa mgongo. Mpini ni wa mti mweusi uliobanwa na shaba ya manjano mbele na nyuma, na kisu kizima kina uzito wa karibu gramu 200, uzito mkubwa kwa kitu kinachokunjwa kikafikia sentimita 12 na nusu. Pua yake, yaani chuma kilichotengenezea bapa, ni ile inayoitwa 420HC, ambayo haishiki kutu kwa urahisi.

Garberg ina bapa la milimita 109 lenye unene wa milimita 3.2, na urefu wa kisu chote ni milimita 229. Jambo la kutazamwa hapa ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Katika visu vingi vya bei nafuu msuka ni mfupi na huishia ndani ya mpini, lakini msuka wa Garberg hupita mpini wote na kutokeza nyuma, kiasi kwamba unaweza kuugonga kwa kipande cha gogo bila kuuharibu mpini. Toleo lisiloshika kutu hutumia pua ya 14C28N, yenye kaboni ya takriban asilimia 0.6, kromi asilimia 14 na nitrojeni kidogo inayoisaidia kuhimili kutu. Lipo pia toleo la pua ya kaboni, ambalo sitalipendekeza kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye damu.

Kisu cha mhunzi huwa na urefu unaoutaka wewe. Wengi huagiza bapa la sentimita 12 hadi 15, na mara nyingi hupewa bapa nene la milimita 4 au 5, kwa sababu springi yenyewe ni nene na kuipunguza kwa nyundo na tupa ni kazi ya kuchosha ambayo mteja huwa hailipii. Ubora wa pua hiyo haupaswi kudharauliwa. Springi za gari hutengenezwa kwa pua yenye kaboni ya kutosha kuwa ngumu na yenye uwezo wa kunyumbuka bila kuvunjika, na hiyo ndiyo tabia inayotakiwa katika kisu cha porini.

Kuchinja

Katika kambi nyingi watu wa dini mbalimbali hula chungu kimoja. Mnyama akianguka na bado ana uhai, Mwislamu aliyepo humwahi amchinje, la sivyo wenzake watakula ugali mtupu huku nyama imejaa. Mafundisho yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke, na yeyote aliyeona shingo ya pofu ikikerezwa kwa kisu butu hahitaji kuelezwa sababu.

Kwa swala pala au digidigi, sentimita 10 zinatosha kabisa. Kwa pofu na nyati, ambao ngozi ya shingo ni nene na koo liko ndani, bapa la sentimita 15 hukata kwa mkupuo mmoja pale ambapo bapa fupi huhitaji mikupuo mitatu au minne. Hapa kisu cha mhunzi kinashinda bila ubishi. Garberg inafuata kwa umbali, na Buck 110 inabaki nyuma kabisa, kwa sababu, mbali na ufupi wake, hufunguliwa kwa mikono miwili, na mtu aliyeinama juu ya mnyama ambaye bado anarusha miguu hapaswi kuwa na mikono yote miwili kwenye kisu.

Hata hivyo uchinjaji ni kazi ya dakika moja, na kuchuna ni kazi ya saa nzima au zaidi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kuchagua kisu kirefu kwa ajili ya ile dakika moja, kisha kukivumilia kwa saa zote zinazofuata.

Kuchuna

Kazi ya kuchuna ndiyo inayoamua, na humo urefu hugeuka kuwa adui. Mchunaji hushika ngozi kwa mkono wa kushoto akiivuta, na kisu hupita kati ya ngozi na nyama kwa sehemu ya makali iliyo karibu na ncha, ile iliyojipinda. Kadiri bapa linavyozidi kuwa refu, ndivyo ncha inavyokwenda mbali na vidole vinavyoiongoza, na ndivyo ngozi inavyotobolewa bila mwenyewe kujua. Wachunaji wazoefu niliowatazama, waliopewa visu virefu, huvishika mbele ya mpini kwa kidole cha shahada juu ya mgongo wa bapa, yaani wanakifupisha kisu kwa mkono. Bapa la sentimita 9 hadi 11 haliwalazimishi kufanya hivyo.

Kwa kipimo hicho Buck 110 na Garberg zote zina urefu unaofaa, na tofauti yao iko katika unene na ncha. Makali ya Buck yamechongwa kwa mbonyeo pande zote mbili za bapa, kwa hiyo nyuma ya makali pua ni nyembamba na kisu huteleza chini ya ngozi kwa wepesi unaopendeza. Kwa mikato midogo ya kuzunguka macho, masikio na kwato, sijawahi kushika kisu cha bei yake kinachoizidi. Ncha hiyo hiyo, hata hivyo, ni kali mno kwa kufungua tumbo. Usipoweka vidole viwili chini yake kuinua ngozi, na makali yakitazama juu, utatoboa utumbo na kuichafua nyama. Ncha ya Garberg ni nene zaidi na husamehe mkono unaoharakisha.

Garberg nayo ina kasoro ambayo matangazo huigeuza kuwa sifa. Mgongo wa bapa lake umechongwa kona kali za mraba ili mtu aweze kuparuzia fimbo ya kuwashia moto. Kwa anayekwenda kupiga kambi katika misitu ya baridi hilo ni jambo jema, lakini kwa mchunaji anayekandamiza kidole juu ya mgongo huo kwa saa nzima ni mateso, na kidole hutoka malengelenge. Dawa ni rahisi, na mimi nisingekitumia kisu hicho kabla ya kuifanya: chukua tupa laini, ukomeshe kona hizo kwa urefu wa sentimita 4 kuanzia kwenye mpini, kisha umalizie kwa msasa. Sehemu ya mbele unaweza kuiacha ilivyo.

Kisu cha mhunzi, kikiwa na unene wa milimita 5, hakichuni kwa raha, kwa sababu bapa nene hupanua mkato badala ya kuufuata. Ukikiagiza mwenyewe, omba bapa lisizidi milimita 3 na mhunzi alipwe kwa kazi ya ziada ya kulipunguza. Malipo hayo ndiyo yatakayokupa kisu badala ya panga ndogo.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni kwamba nyama haimalizi makali. Kinachoyamaliza ni mchanga. Ngiri na nyati hugaagaa kwenye matope, na tope likikauka kati ya manyoya huwa kama msasa. Ukikata ngozi kutoka nje kwenda ndani, kisu cha aina yoyote kitakuwa butu kabla hujafika kwenye paja. Ukitoboa tundu dogo, ukaingiza ncha chini ya ngozi na kukata kutoka ndani kwenda nje, makali hayagusi nywele wala mchanga, na kisu kile kile kinaweza kumaliza mnyama mzima kikiwa bado kinakata. Tofauti ya mkono huo ni kubwa kuliko tofauti ya pua yoyote kati ya visu hivi vitatu.

Viungo, mahali visu vinapovunjikia

Kisu kilichovunjika porini mara nyingi kimevunjikia kwenye kiungo. Mtu hukiingiza kati ya mifupa miwili ya nyonga, akakipindua ili kuifungua, na ncha ikakatika, au akagonga mgongo wa kisu kwa jiwe ili kupasua mbavu. Kwa Buck 110 kosa hilo ni baya zaidi, kwani nguvu yote ya upande hubebwa na pini moja na kibanio kilichoko mgongoni mwa mpini. Kibanio hicho ni imara kwa kazi yake, lakini kazi yake ni kuzuia bapa lisijifunge na kukata vidole, wala hakikuundwa kugeuza kisu kuwa mtaimbo.

Garberg inahimili zaidi kwa sababu ya ule msuka uliopita mpini wote. Kisu cha mhunzi kilichopikwa vizuri, yaani kilichopashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, kinahimili kuliko vyote viwili, na kilichopikwa vibaya hupinda kama waya au huvunjika kama kioo. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo fumbo zima la kisu cha mhunzi.

Wapo wanaokimbilia visu vinene vya Kimarekani kama ESEE-4, chenye bapa la karibu milimita 5 la pua ya 1095. Ni kisu imara kupita kiasi na sina neno baya juu ya uimara wake, lakini unene huo umelenga kupasua kuni na kukwatua, kazi ambazo hapa kwetu kila gari la kambi lina panga na shoka kwa ajili yake. Atakayejifunza kuutafuta mshono wa kiungo kwa ncha na kuikata mishipa inayoushika hatahitaji nguvu, na hatahitaji milimita 5.

Kunoa

Kwangu mimi kisu cha kudumu ni kile ambacho mwenyewe anaweza kukinoa kwa jiwe alilonalo, akiwa ameketi chini ya mti, bila kumpelekea mtu mjini. Kwa sababu hiyo sivutiwi na pua ngumu sana za kisasa, ambazo hushika makali kwa muda mrefu lakini zikishakuwa butu hudai mawe ya almasi na subira isiyo ya kawaida.

Garberg ndiyo rahisi kuliko zote. Mteremko wa makali yake ni mpana na umenyooka, kwa hiyo unaulaza mteremko wote juu ya kinoo mpaka uguse sawasawa, na pembe sahihi inajipata yenyewe. Hata kijana asiyewahi kunoa anaweza kuelekezwa akafanya vyema siku hiyo hiyo. Gharama yake ni kwamba pua nyingi huondolewa kila unaponoa, na makali membamba kiasi hicho hupata vibanzi yakigongwa kwenye mfupa. Wengi huishia kuyaongezea mteremko mdogo wa pili kwenye ukingo, nami naona wanafanya vyema.

Buck hunoleka bila shida, kwa sharti kwamba mkono unajua kushikilia pembe moja. Kisu cha mhunzi cha pua ya kaboni hurudisha makali upesi kuliko vyote, na baadhi ya wachunaji hukipenda kwa sababu hiyo tu: mipapaso michache kwenye kinoo, mipapaso mingine kwenye mkanda wa ngozi, kazi inaendelea.

Damu, kutu na ala

Damu ina chumvi, na pua ya kaboni isiyofutwa huanza kubadilika rangi ndani ya muda mfupi, kisha kutu hufuata. Anayeishi Tanga au Kilwa, penye hewa ya bahari, anaongezewa adui wa pili. Toleo la kaboni la Garberg na kisu cha mhunzi vyote vinataka kuoshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta ya kupikia kila jioni, na si kila jioni ya mawindo mtu hukumbuka. Kwa mwenye kisu kimoja tu, chuma kisichoshika kutu ni utulivu wa moyo.

Buck haishiki kutu kwa urahisi, lakini hukusanya uchafu. Mafuta ya mnyama, damu na nywele huingia kwenye mtaro wa mpini na kwenye pini, hukauka humo na kuanza kunuka. Kukiosha kunataka maji ya moto, sabuni, mswaki wa zamani na tone la mafuta kwenye pini. Ukikizembea msimu mmoja, kibanio huanza kusitasita, na kisu cha kukunja ambacho kibanio chake hakiaminiki hakifai kushikwa na mkono wenye mafuta.

Kuhusu ala, neno ni fupi. Ala ya ngozi hupendeza na hunyonya damu. Garberg huuzwa kwa ala ya ngozi au ya plastiki. Chukua ya plastiki, ambayo inaoshwa kwa maji na kukauka.

Ningenunua kipi

Kwa mtu anayetaka kisu kimoja cha kazi zote, ningemwambia achukue Garberg isiyoshika kutu, akomeshe zile kona za mgongo, na aridhike kwamba siku ya kuchinja pofu atatumia mikupuo mitatu badala ya mmoja. Hakiongozi katika kuchinja, na katika mikato midogo ya kichwani kinazidiwa na Buck, lakini hakuna kazi hata moja kati ya zile nne ambayo kinashindwa. Asiyemudu bei yake asihuzunike: Companion ya kiwanda hicho hicho, yenye bapa la karibu sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya Garberg na huchuna vizuri sawasawa, pengine vizuri zaidi kwa sababu ya wembamba wake na mpini wenye mpira usioteleza. Inachokosa ni msuka mrefu, kwa hiyo isitumiwe kabisa kubanjua viungo.

Buck 110 ningemshauri aliye na kisu kingine tayari, au anayewinda ndege na wanyama wadogo na kutaka kitu cha mfukoni. Akinunua, atazame vizuri kama kibanio kinashika kwa mlio mmoja thabiti, kama bapa halichezi kushoto na kulia, na kama shaba imeungana na mti bila mwanya, kwani nakala zisizo za kiwanda zipo na hujifichua hapo.

Kisu cha mhunzi ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho ninachokipendekeza kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote. Thamani yake yote iko katika moto. Pua ya springi inatakiwa ipashwe mpaka sumaku isiishike tena, izamishwe katika mafuta yenye uvuguvugu, kwa kuwa maji huipoza ghafla na kuipasua, kisha ipashwe tena taratibu mpaka sehemu iliyosuguliwa ionyeshe rangi ya majani makavu. Hatua ikirukwa, una kipande cha chuma chenye umbo la kisu. Muulize mhunzi anazamisha katika nini na kama huwa anakirudisha motoni mara ya pili, umsikilize anavyojibu, kisha kabla ya kulipa pitisha tupa mpya kwenye makali: ikiteleza bila kung'ata, pua ina ugumu, na ikichimba kwa urahisi, kimrudishie. Baada ya hapo yakandamize makali kwa upole juu ya msumari mnene uliolala, uyatazame yakijipinda kidogo na kurudi mahali pake. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni makavu mno. Kisu kinachoyapita majaribio hayo mawili, kikatiwa mpini wa mpingo uliokauka vizuri na kufungwa kwa misumari mitatu ya shaba, kichukue bila kusita, na umwagize mhunzi huyo huyo kingine chembamba zaidi cha kuchunia.